Faili la Jenerali Ogolla: Tathmini ya Duka la Magazeti ya Zamani Mjini Dodoma

Tangu Serikali ihamie Dodoma, mji wetu umejaa watu wanaohitaji kusoma mambo ya nyuma: watumishi wa wizara wanaoandaa hotuba na taarifa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaoandika tasnifu za siasa na historia, na wastaafu ambao hawajaacha kufuatilia habari za majirani. Upande wa Uhindini lipo duka dogo linalowahudumia watu hao kwa namna ambayo sijaiona kwingine mkoani. Mmiliki wake hukusanya vipande vya magazeti kuhusu mtu mmoja au jambo moja, huvipanga katika faili la kamba, na humkodisha msomaji faili hilo alisome palepale mezani. Tathmini hii inahusu faili moja tu, la Jenerali Francis Omondi Ogolla, rubani wa kivita aliyepanda hadi kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Nimelichagua kwa sababu ndani yake nguvu ya huduma hii na upungufu wake vinaonekana kwa uwazi kuliko katika mafaili mengine niliyoyasoma hapo.

Ugumu wa kumwandalia mwanajeshi faili la magazeti unajulikana. Jeshini kazi hufanywa mbali na waandishi, na jina la ofisa hufika gazetini anapoteuliwa, anapostaafu au anapofariki. Ogolla alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984 na akafariki tarehe 18 Aprili 2024, siku sita kabla ya kutimiza miaka 40 ya utumishi. Katika miaka yote hiyo, alikaa katika kiti cha juu kabisa kwa muda usiotimia mwaka mmoja, kuanzia mwishoni mwa Aprili 2023. Faili linalotegemea magazeti pekee lingekuwa nene mwishoni na tupu kwingine kote, na msomaji angeondoka akijua namna jenerali alivyozikwa bila kujua namna alivyopata kuwa jenerali.

Hapo ndipo mwenye duka anapostahili sifa. Kabla ya kipande cha kwanza kinachomtaja Ogolla ameweka kurasa kuhusu jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililofanywa na askari wa ngazi za chini wa Jeshi la Anga la Kenya. Msomaji asiye makini atazipita akidhani zimeingia kwa bahati mbaya, kumbe bila hizo habari yote haishikiki. Baada ya jaribio lile kuzimwa, jeshi hilo lilivunjwa, likaundwa upya chini ya uangalizi wa Jeshi la Nchi Kavu, na kwa miaka kadhaa likaitwa Jeshi la Anga la 82, hadi liliporudishiwa jina lake mwaka 1994. Watanzania tunaigusa habari hii moja kwa moja, kwa kuwa Hezekiah Ochuka, aliyeongoza jaribio hilo, alikimbilia kwetu kwa ndege, akarudishwa Kenya, akahukumiwa na kunyongwa mwaka 1987. Kijana wa miaka 22 kutoka Siaya aliyejiunga mwaka 1984, akapewa kamisheni ya Luteni Usu tarehe 6 Mei 1985 na kupelekwa Jeshi la Anga, aliingia katika nyumba iliyokuwa bado inatazamwa kwa mashaka na wakubwa wa nchi. Yeyote aliyepanda ngazi ndani ya jeshi lile kwa miaka iliyofuata alikuwa anajenga imani upya, ya kwake mwenyewe na ya kikosi chake. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa katika maisha ya kazi ya Ogolla, na faili hili limenionyesha kwa mpangilio wake tu, pasipo mwenye duka kuandika neno la kulieleza.

Sehemu ya kati, ambayo magazeti hayakuiandika, imejazwa kwa karatasi za mistari zilizoandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, tarehe zikiwa pembeni kwa penseli. Humo mna mafunzo ya urubani wa ndege za kivita aliyoyapata katika Jeshi la Anga la Marekani, kisha kazi ya ukufunzi wa marubani nyumbani. Karatasi inayohusu ukufunzi ni fupi, nami ningependa iwe ndefu zaidi, kwa maana mkufunzi wa urubani hukaa ndani ya ndege moja na mwanafunzi anayeweza kuwaua wote wawili kwa kosa la sekunde chache, na lazima ajue ni lini amwachie ajirekebishe na ni lini ashike usukani mwenyewe. Uamuzi wa aina hiyo, unaorudiwa kwa miaka, humwandaa mtu kuongoza wengine kuliko semina nyingi za uongozi. Zimetajwa pia stadi ambazo watu wengi hawazihusishi na rubani: uchambuzi wa taarifa za kiintelijensia kutokana na picha, mapambano dhidi ya ugaidi, na uchunguzi wa ajali. Kisha yapo masomo: École Militaire ya Paris, Chuo cha Ulinzi cha Taifa cha Kenya, stashahada ya Chuo Kikuu cha Nairobi katika masomo ya kimataifa na sayansi ya kijeshi, na shahada ya Chuo Kikuu cha Egerton katika sayansi ya siasa, migogoro ya silaha na amani.

Kuhusu madaraka, faili linakwenda kwa haraka na linatosha. Aliongoza kambi ya anga ya Laikipia, akawa Kamanda wa Jeshi la Anga mwaka 2018, akateuliwa Naibu Mkuu wa Majeshi mwaka 2021, nafasi ambayo kwetu inakaribiana na ya Mnadhimu Mkuu, na mwaka 2023 akapandishwa cheo kuwa Jenerali na kukabidhiwa majeshi yote. Mwenye duka ameongeza ukurasa mmoja unaowaonyesha waliomtangulia karibuni: Julius Karangi, naye wa Anga, kuanzia 2011 hadi 2015, Samson Mwathethe wa Jeshi la Majini hadi 2020, na Robert Kibochi wa Nchi Kavu hadi 2023. Ukurasa huo mmoja unajibu swali ambalo wengi huliuliza, la namna mtu wa ndege anavyoweza kuwaamuru askari wa miguu ambao ni wengi kuliko kundi lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 241, inayaunganisha majeshi matatu chini ya Mkuu mmoja, na kila jeshi lina kamanda wake. Kwa hiyo anayekaa juu anahitajika zaidi kuyaelewa yote matatu kuliko kuwa bingwa wa moja.

Upungufu upo, na mwingine si mdogo. Suala la Agosti 2022, wakati jina la Ogolla lilipotajwa miongoni mwa maofisa waliofika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi siku ya kutangazwa kwa matokeo ya urais, wakituhumiwa kutaka kuishinikiza Tume ya Uchaguzi kuhusu matokeo hayo, limewekewa kipande kimoja tu, nacho kimekatwa mahali palipoandikwa kuwa habari inaendelea ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne haumo. Msomaji anaachwa na tuhuma nusu, ilhali Rais William Ruto mwenyewe aliligusia jambo hilo hadharani baada ya uteuzi, akieleza kwamba alipoupitia wasifu wake wa kazi alimwona kuwa ndiye aliyefaa. Kwa mtu aliyekulia katika jeshi lililovunjwa kwa sababu ya siasa, sura hii ilihitaji uangalifu kuliko nyingine yoyote, na kuikata katikati ni kumnyima haki marehemu na msomaji kwa pamoja. Vilevile, vipande kadhaa havina jina la gazeti wala tarehe. Mwanafunzi anayeandika tasnifu hawezi kuvitumia, na ni jambo ambalo penseli ileile iliyotumika kwingine ingelimaliza kwa dakika moja.

Sehemu ya mwisho ni nene kama nilivyotarajia, lakini imepangwa kwa heshima. Picha za mabaki ya helikopta zimewekwa chache, na maelezo yamepewa nafasi zaidi: ziara ya kuwakagua askari wa operesheni dhidi ya wezi wa mifugo Kaskazini mwa Bonde la Ufa na kuziona shule zilizofungwa kwa ukosefu wa usalama, ndege kuanguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka shule ya Cheptulel, watu 10 kupoteza maisha na wawili kunusurika. Kisha yanafuata maziko ya Ng'iya, Siaya, tarehe 21 Aprili, bila jeneza, kama alivyotaka mwenyewe. Niliporudi kwenye karatasi inayosema kuwa marehemu alisomea uchunguzi wa ajali, niliiangalia kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Rubani wa daraja lake aliijua hatari ya kazi hiyo kitaalamu, na bado alikwenda mwenyewe kuwaona askari wake walipo.

Kuhusu huduma yenyewe, meza ni mbili na taa ya dukani hung'aa juu ya mifuko ya plastiki kiasi kwamba inakubidi uinamishe faili ili usome, kwa hiyo ni vyema kufika asubuhi na kukaa karibu na mlango. Dada anayehudumia ni mpole na anajua kila faili lilipo bila kutazama daftari. Ada ya kusoma ni ndogo, hata mwanafunzi anaimudu, na kopi hutozwa kwa ukurasa. Faili haliruhusiwi kutoka nje, uamuzi ninaouunga mkono. Nilimweleza mzee mwenye duka kuhusu ukurasa wa nne uliokosekana na vipande visivyo na tarehe, akaniambia kuwa ana magazeti ya mwezi ule ambayo hajayafungua, na akaandika ombi langu. Wenye haja na habari za Bomas wamuulize kwanza kama ameshazipata. Wanaotaka kujua namna ofisa wa anga anavyotengenezwa hadi kuwa mkuu wa majeshi, faili hili linawatosha hata kama lilivyo sasa.