Dracula au Orlok: yupi mgumu kumuua?

Mgumu ni Dracula, mnyonya damu wa riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, bila ubishi. Jua halimuui. Anatembea London mchana kweupe, ila nguvu zake nyingi zimelala. Hajigeuzi popo atakavyo. Kivuli hana, kioo hakimwonyeshi, na kwako haingii mpaka akaribishwe kwanza. Kummaliza kulihitaji visu viwili, kimoja shingoni, kingine moyoni, ndipo akawa vumbi.

Orlok, mnyonya damu wa filamu ya Nosferatu ya 1922, anatisha zaidi kwa sura: kipara, masikio yaliyochongoka, kucha ndefu, na panya wa tauni kila aendako. Tena kivuli anacho, kinapanda ngazi vidole vimetanuka (hapo mimi hufumba macho). Lakini jogoo akiwika tu, mwanga wa alfajiri unamgeuza moshi.