Rangi nyekundu ya chini ya boti: kazi inafanya, ila soma kopo kabla hujapaka

Hii rangi nyekundu ya kuzuia uchafu chini ya boti, ile ya kopo la lita tano, tumeipaka kwenye boti yetu ya faiba inayobeba abiria Shela, Amu (Lamu) mjini na jeti ya uwanja wa ndege Manda, na kwa kazi iliyonunuliwa kuifanya sina neno nayo. Vichaza havikushika, yale majani ya kijani yenye utelezi yametokea kidogo tu kwenye mstari wa maji, na mafuta yanakaa zaidi manake boti ikiwa safi chini unaisikia tu ukiondoka gatini, inakuwa nyepesi. Bei inauma lakini umri wake unaifidia. Sasa kama swali lako ni inazuia au haizuii, jibu ndo hilo. Ila nakuomba uendelee kusoma kwa sababu hii rangi inazuia kwa kuua, na inaulia ndani ya maji haya haya tunayovua na watoto wetu wanaogelea.

Tuje kwenye kopo lenyewe. Maandishi yote ni ya kigeni, Kiswahili hakuna hata neno moja, na ile alama ya almasi yenye mpaka mwekundu, mti mkavu na samaki aliyekufa, dukani walikuwa wameibandikia stika ya bei juu yake. Nikaibandua kwa ukucha nikamuonyesha muuzaji, akanambia "hiyo alama tu bwana, makopo yote yanayo." Si kweli, makopo yote hayanayo. Ya ukutani mengi huyakuti na huyo samaki. Anawekwa kwenye bidhaa iliyoingia madaraja ya juu ya sumu kwa viumbe vya majini, na pembeni yake hapa kuna namba H410, yaani sumu kali sana kwa viumbe hao na athari yake inadumu muda mrefu. Nikaomba ile karatasi ya usalama ya kemikali, hawana, hawajawahi kuulizwa. Niliipata kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa simu, na yeyote mwenye simu anaweza kuipata, ina sehemu 16 lakini wewe nenda moja kwa moja sehemu ya 3 uone ndani kuna nini, afu sehemu ya 12 uone inafanya nini baharini.

Sehemu ya 12 ina namba na watu wengi wanazisoma kinyume. Maabara wanaweka samaki kwenye maji yenye kemikali kwa saa 96, wanatafuta ni kiasi gani kinaua nusu yao. Kuna kidudu kidogo cha maji kinaitwa dafnia, hicho saa 48, na mwani ule usioonekana kwa macho wanaupima saa 72 kama unaacha kukua. Kikitosha kiasi cha miligramu 1 kwa lita au chini ya hapo, kemikali ni daraja la 1, yaani kali kabisa. Kwa hiyo ukiona namba ndogo usifurahi, namba ndogo maana yake kidogo tu kinatosha kuua. Miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu moja ndani ya lile tangi jeusi la lita 1,000 lililo juu ya dari zetu.

Na hiyo ni dafnia, kidudu cha maji baridi, kwenye chombo cha maabara. Sio chaza wetu, sio matumbawe ya Kiunga, sio kamba wadogo wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko. Dawa kubwa ndani ya hii rangi ni oksidi ya shaba, kwenye sehemu ya 3 itafute kwa namba 1317-39-1, na shaba kwa vichanga vya chaza na kome ni balaa zaidi kuliko kwa samaki mkubwa. Marekani, shirika lao la mazingira limeweka kikomo cha shaba iliyoyeyuka kwenye maji ya bahari kuwa maikrogramu 3.1 kwa lita kwa muda mrefu, na 4.8 kwa muda mfupi. Maikrogramu, si miligramu, elfu moja ya hizo ndo zinafanya miligramu moja. Halafu kile kipengele cha kuoza kwenye hiyo karatasi, kwa shaba hakina faida, shaba ni madini haiozi, inashuka kwenye tope inakaa hapo, na chaza anaikusanya mwilini.

Kuna watu wataniambia bahari ni kubwa. Wafaransa nao bahari yao ni kubwa. Miaka ya 1970 boti zilikuwa zinapakwa rangi yenye TBT, sumu ya bati, kwenye ghuba ya Arcachon wanakofuga chaza, na vichanga vya chaza vikawa havikui, wakubwa magamba yao yakawa mazito yamepinda hayauziki, mpaka 1982 serikali yao ikaipiga marufuku kwa boti ndogo za chini ya mita 25. Uingereza ikafuata 1987. Konokono wa kike wa baharini walikuwa wanaota viungo vya kiume kwa kiasi kidogo mno, kama nanogramu 1 tu kwa lita. Mkataba wa dunia wa kuizuia ulipitishwa 2001 ukaanza kazi 2008. Miaka yote hiyo rangi ilikuwa inasifiwa kwa kufanya kazi vizuri! Hii yetu haina TBT, nimeangalia, na haina saibutrini (namba yake 28159-98-0), dawa nyingine ya kuua mwani, ambayo nayo imekatazwa kupakwa kwenye vyombo tangu Januari 2023, kwa hilo naipa alama zake. Wewe ukiuziwa kopo la zamani lililokaa stoo miaka, angalia hayo majina mawili na hiyo namba kwanza.

Sasa penye madhara hasa mimi naona si pale boti inapotembea, ni pale inapokwanguliwa. Nenda ufukweni siku ya bamvua maji yakipwa utaona boti zimepwelewa zimelazwa ubavu, vijana wanakwangua rangi kuukuu kwa msasa mkavu bila hata kitambaa puani, vumbi jekundu linawaingia na linatanda mchangani, afu maji yanajaa yanachukua kila kitu mara moja. Nimechuchumaa nikaangalia kidimbwi kimoja chini ya boti, maji yana rangi ya chai ya rangi, magamba ya rangi yamelala chini, na vikaa vidogo vinayachokoa. Rangi iliyokusudiwa kutoka taratibu miezi na miezi inaingia yote kwenye maji machache asubuhi moja.

Sisi tulitandika turubai kubwa, tukapiga msasa kwa maji badala ya mkavu, masiki usoni, tukakusanya yale matope yote kwenye ndoo yenye mfuniko, haimwagwi baharini wala jalalani. Rola hatukuoshea ufukweni. Tukapaka bamvua ili ipate muda wa kukauka kabla maji hayajaifikia. Ukija kuosha boti tumia sponji laini, usisugue kwa brashi ngumu, unatoa shaba bure. Mguu wa injini ni alumini, rangi ya shaba usiupake utalika. Na kopo tupu jamani usimpe mtu achotee maji, nimeyaona yakitumika hivo.

Fundi mmoja mzee wa Matondoni alipoiona aliniambia, "Mwanangu, sisi jahazi tulipaka deheni, chokaa na shahamu, na sifa, yale mafuta ya papa, sehemu ya juu ya maji, vyombo vikaenda Arabuni vikarudi." Sawa ami, na kwa dau au mashua ya mbao inayopandishwa pwani mara kwa mara naona deheni bado ndo chaguo zuri, inabidi kurudiwarudiwa lakini haitii shaba majini. Kwa faiba inayokaa majini mchana na usiku sijapata mbadala hapa Amu, zile rangi za silikoni zisizo na sumu sijaziona duka lolote.

Kwa uzuiaji naipa nne kati ya tano. Kwa maelezo kwenye kopo naipa moja, na hiyo ni ya ile alama, ambayo mnunuzi anatakiwa abandue stika ndo aione. Boti inayotembea kila siku kwenye mkondo wenye kasi, nunua lakini paka koti mbili basi, usiongeze kwa kujihami. Boti yako inalala kwenye mlango mwembamba wa mikoko maji hayabadiliki vizuri, mimi nakusihi usiipake hii kabisa, ipandishe pwani uikwangue vichaza kwa mkono.