Rangi ya jeli kwenye shingo ya gitaa: uzoefu wangu

Shingo ya gitaa langu ni ya mepo, mbao nyeupe iliyobana, nami nilitaka iwe kahawia iliyokoza. Mara ya kwanza nilitumia rangi nyepesi ya spiriti. Aibu tupu. Spiriti hukauka hata hujageuza kitambaa, na mepo hainywi rangi kwa usawa. Kwenye kisigino (pale shingo inapoungana na kiwiliwili cha gitaa) na kwenye mkunjo wa kichwa, ambako mistari ya mbao inakatizwa, ilifyonza mpaka ikawa nyeusi. Katikati ikagoma kabisa. Nikabaki na shingo ya madoadoa, nikaikwangua yote kwa msasa na mabega yakaniuma siku mbili.

Safari ya pili ndiyo nikachukua jeli. Ni nzito kama mafuta ya kujipaka, haizami sana, inakaa karibu na uso wa mbao, kwa hiyo yale mabaka yanapungua sana. Upakaji wake hauna shida: unapaka kwa kitambaa cha pamba, unaiacha dakika 3 hivi, unaifuta kwa kufuata mistari ya mbao. Ukichelewa inang'ang'ania. Mimi nilichelewa upande mmoja, nikapaka jeli mbichi juu yake, ile ya zamani ikalainika na kufutika. Mikono miwili ya rangi ilitosha.

Ila ulaini usiutafute kwenye kopo. Nilianza na msasa wa namba 120 kuondoa mabaki ya vanishi ya kiwandani (yakibaki hata kidogo, rangi haishiki), nikaenda 180, nikaishia 220. Zaidi ya hapo mepo inakuwa nyororo mno na rangi inakosa pa kushika. Kisha nikaifuta shingo kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ikikauka, ipapase: vinyweleo vimesimama, mkono unakwaruza kama ndevu za jana. Vipitie na 220 ile ile, taratibu, bila kukandamiza. Hatua hii niliiruka mara ya kwanza.

Kabla ya rangi futa na spiriti tupu. Ikiwa bado mbichi inakuonyesha mikwaruzo na gundi iliyovuja. Mimi niliona mstari wa gundi pembeni mwa ubao wa freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), nikajiambia rangi itaufunika. Haikuufunika, gundi hainywi rangi.

Lalamiko langu kubwa ni ukaukaji. Kopo linasema inakauka kwa muda wa saa 8. Yangu baada ya siku nzima bado ilikuwa inanata, nikaiacha hadi siku ya tatu. Halafu, kwa kiherehere, nikafunga nyuzi na kuanza kupiga bila kuweka kinga yoyote. Wiki mbili tu, pale kidole gumba kinapokaa, nyuma ya freti za mwanzo, pakapauka. Kwa kuwa jeli iko juu juu, jasho na msuguano vinaila.

Nikarudishia rangi pale, nikapiga vanishi isiyong'aa kwa kitambaa, mikono minne myembamba. Msasa wa 400 niliuanza baada ya mkono wa pili. Ukiuwahisha unakula rangi kwenye kingo. Kwenye kisigino niliweka kiduchu tu, kisije kikagoma kuingia kwenye nafasi yake. Wiki moja baadaye nikasugua kwa stilwaya laini ya namba 0000, shingo ikiwa imefunguliwa na iko mbali na kiwiliwili, maana chembe za chuma zikirukia sumaku za pikapu (vinasa sauti vya gitaa) utazitoa moja moja. Sasa kiganja kinateleza hadi freti ya 12 bila kukwama, hata mkono ukiwa na jasho.

Vitambaa vya jeli ya mafuta usivikunje ukavitupa ndani. Vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Jeli nitainunua tena kwa mepo. Ule mstari mweupe wa gundi bado upo, urefu wa kidole, karibu na freti ya 7. Wenzangu hawauoni. Mimi kila nikilishika gitaa, jicho linaanzia hapo.