Programu za skana kwa mchoraji anayetumia Linux: ninavyozipanga

Mchoro wangu wa mitumbwi ya ufuo wa Dunga ulikuwa na anga ya samawati hafifu, rangi ya maji iliyopita mara moja tu. Niliupeleka saiba moja hapa Kisumu ukaskaniwe, ukarudi kwenye flashi anga ikiwa nyeupe pe! Skana haikuwa na kosa. Programu ndiyo iliyoamua kwamba karatasi lazima iwe nyeupe, ikafuta kila kilichoukaribia weupe huo. Siku hizi naskani mwenyewe nyumbani, kwenye laptopu ya Linux, na kila programu naipima kwa swali moja: itakubali nizime marekebisho yake?

Kabla hujatoa hata shilingi, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike scanimage -L. Amri hiyo inaiuliza SANE, mtambo wa chini unaozungumza na skana, kama inaiona yako. XSane, Skanlite na Simple Scan, programu tatu kati ya nne ninazozipanga hapa, zote hupitia hapo. SANE isipoiona skana, kuhama kutoka moja hadi nyingine ni kubadilisha kofia huku unaumwa na tumbo. Ukienda kununua skana ya mtumba, beba laptopu ujaribu papo hapo. Muuzaji atanung'unika, mwache anung'unike.

Ya kwanza kwangu ni XSane, na ni ya bure. Sura yake haivutii hata kidogo: ukiifungua, madirisha yanamwagika matatu manne, vitufe vidogo kama punje za wimbi. Lakini kila kitu unakigusa kwa mkono wako. Nalaza mchoro, napiga onyesho la awali, nazungushia karatasi fremu, kisha kwenye histogramu, grafu ya mwanga na giza la picha, naburuta alama ya weupe hadi mwisho kabisa ili anga isiliwe. Natoa TIFF, aina ya faili isiyopoteza kitu, kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Ukurasa wa A4 hapo ni kama MB 104 kwa biti 8 za kila rangi, kipimo cha wingi wa vivuli vyake. Ukipanda hadi biti 16, zidisha mara mbili, na uwe na diski ya nje. Kazi itakayochapishwa kwa ukubwa uleule haihitaji zaidi ya dpi 300, na faili inashuka hadi robo.

Skanlite, ya KDE, mradi wa programu huria za Linux, naiweka ya pili. Ni safi na haikuchoshi. Kwa wanaochora kadi ndogo ni tamu zaidi: unalaza nne kwenye kioo, unazungushia kila moja fremu yake, unapata faili nne. Hifadhi kwa PNG, si JPEG inayobana picha kwa kupoteza vitu vidogo.

VueScan ni ya kulipia, ndiyo maana iko ya tatu, si kwa ubovu. Ina uwezo wake yenyewe wa kuzungumza na skana nyingi ambazo SANE haizioni, na inatoa faili ghafi, picha kama skana ilivyoiona, isiyoguswa. Ukiijaribu bila kulipa inakupigia alama zake juu ya picha, lakini hilo linatosha kujua kama inaitambua skana yako. Skana yako ikiitikia SANE vizuri, hela hizo nunua karatasi.

Simple Scan ni ya risiti na vitambulisho. Ukibanwa, chagua hali ya picha, usiguse ile ya maandishi.

Jambo moja halitibiwi na programu yoyote. Karatasi ya rangi ya maji hujikunja, na skana nyembamba zinazokula umeme wa USB hutia ukungu pale ilipoinuka. Mimi huweka kamusi nzito juu ya kifuniko.

Na mnaochora kwenye A3, karatasi isiyoenea kwenye kioo cha A4, msikate tamaa: skani nusu mbili zinazopishana, uziunganishe kwa Hugin, programu ya kuunganisha picha, ya bure pia. Ila mipangilio iwe ileile pande zote. Mara ya kwanza niliacha programu irekebishe kila nusu kivyake, nikapata Ziwa Victoria lenye mstari katikati, upande huu asubuhi, upande ule jioni.