Gari Inayowaka Kisha Ikazimika: Tuanze na Hewa au Mafuta?

Mafundi wengi hapa Unguja, wakiletewa gari inayowaka na kuzimika baada ya sekunde chache, hukimbilia pampu ya petroli. Mimi naona ni bora kuanza na njia ya hewa, kwa kuwa uchunguzi wake hauhitaji zaidi ya bisibisi, kitambaa na dawa ya kusafishia. Ukikanyaga mafuta kidogo injini ikaendelea kunguruma, kisha ukiachia ikafa, shaka kubwa iwe kwenye mlango wa hewa, yaani sehemu inayopitisha hewa kuingia kwenye injini: fungua mpira wake, na mara nyingi utakuta masizi meusi yameganda ukingoni mwa kile kisahani kinachofungua na kuziba njia hiyo.

Injini ikizidi kulegea kila ukikanyaga, yatazame mafuta, na hapo kipimo cha presha ndicho mwamuzi. Kabla ya kukitafuta, fungua swichi bila kupiga stata, usikilize mlio mfupi wa pampu, ambayo katika gari nyingi imo ndani ya tangi. Kimya hakiihukumu pampu peke yake, kwani miguu ya fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu) hushika kutu kwa hewa ya chumvi, hasa gari ikilala karibu na pwani.

Taa ya ufunguo, ile ya mfumo wa kuzuia wizi, ikimetameta kwenye dashibodi, acha yote mawili, ujaribu kwanza ufunguo wa akiba.