Katibu wa kampuni wa Lamu Road, Malindi: maswali mengi, kazi safi

Ukimaliza ngazi za ofisi hii hapa Lamu Road, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye cheti cha katibu wa kampuni mwenyewe, mtaalamu wa usajili na karatasi za kampuni, ukutani juu ya meza yake. Kina mwaka wa sasa, na namba inasomeka ukiwa mlangoni. Naanza na hicho kwa sababu Malindi kila mwenye printa na akaunti ya eCitizen anajiita mfungua kampuni. Ukatibu wa kampuni una sheria yake, Sura ya 534 ya Sheria za Kenya, na cheti hupewa mtu aliyesomea na kusajiliwa. Ubao wa nje unaweza kuandikwa chochote.

Tulikwenda ndugu wanne na mama yetu, tukitaka kampuni ya kuendesha nyumba ya wageni aliyoiacha marehemu baba kule Shela, Malindi hii hii. Katibu akamwamkia mama, akatupa viti, akaomba vitambulisho, pini za KRA, picha na anwani. Hayo tulikuwa tumejiandaa nayo. Kisha akamgeukia kaka yetu mkubwa: "Samahani kaka, hizi pesa za ukarabati ni zako, au kuna mtu nyuma yako?"

Kaka alinuna. Katibu hakurudi nyuma. Alitueleza pole pole kwamba kwa kanuni za 2020, kampuni lazima impe Msajili wa Kampuni majina ya wamiliki halisi: yeyote mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura, iwe kwa mkono wake au kupitia mwingine, na hata yule ambaye hana hisa lakini ndiye anayeweka na kuondoa wakurugenzi.

Kwa mji wetu swali hilo ni zito. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hushika ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa raia ikiwa hisa zote ni za raia, na mali ya amana, yaani inayoshikwa na mtu kwa faida ya wengine (trust), huhesabiwa ya raia ikiwa wanufaika wote ni raia. Ndiyo maana madalali huzunguka wakitafuta vijana wa kuazima majina kwa ajili ya majumba ya ufukweni ya wasio raia. Kijana wa jirani yetu, mpishi, aliwekwa mkurugenzi wa kampuni ambayo hajui hata akaunti yake iko benki gani. Barua za kodi zikaanza kuja kwa jina lake. Aliyempeleka hakumuuliza neno, alitaka sahihi tu. Jambo hili linaniuma sana, kwa kuwa mama yake ndiye anayehangaika nalo hadi leo.

Tukiwa pale pale aliingia bwana mmoja na ombi la namna hiyo, la mwenye hisa wa kuazima. Katibu alimsikiliza amesimama, akamwambia, "Hapa majina hayakodishwi." Bwana akashuka ngazi.

Viwango vya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa pesa, vinamtaka anayeunda kampuni au kusimamia amana kwa malipo amjue mteja wake, na Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ile ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa sababu ya mapungufu yao. Basi anayekuuliza pesa zinatoka wapi anafanya kazi yake. Asiyeuliza ndiye wa kukimbiwa.

Kilichonifanya nimwamini kabisa ni yale aliyoyakataa kutuuzia. Alituambia kampuni binafsi yenye mtaji uliolipwa chini ya shilingi milioni 5 hailazimiki kuwa na katibu, kwa hiyo tusimlipe kila mwaka bila sababu. Ritani za mwaka tu, yaani taarifa za kampuni kwa Msajili, tusizisahau. Na mama alipotaja kwamba baba alitaka chumba kimoja kiwe wakfu wa madrasa, alisema hilo si lake, tumwone kadhi na Tume ya Wakfu, Mombasa.

Ada ya serikali, 10,650, tulilipa wenyewe kwenye eCitizen. Ada yake si ya chini, na risiti niliipata baada ya kuidai. Anachelewa kujibu ujumbe, na hilo arekebishe. Ngazi ni kali kwa wazee; mama ilibidi ashikwe mkono kupanda na kushuka. Mwenye mzazi asiyeweza kupanda apige simu kwanza, kwani katibu hushuka na karatasi zake hadi dukani chini, zikasainiwa huko.