TAHADHARI: Anayekusanya michango ya "wakimbizi wa Palma waliofika Pemba" ni tapeli

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Pemba, wa Unguja na mlioko nje.

Kuna mtu anazungusha ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp ya shehia, ya misikiti na ya tuliosoma pamoja. Anasema kuwa watu waliokimbia mauaji ya Palma, Msumbiji, wameshushwa Pemba usiku, wamefichwa, hawana chakula wala nguo, na kila mwenye imani atume alichonacho kwenye namba iliyo chini. Msitume. Hakuna chombo kilichoshusha wakimbizi kisiwani kwetu, si Mkoani, wala Wete, wala Shumba. Nimeuliza bandarini, nimemuuliza sheha wetu, na jawabu ni hilo hilo. Pesa zinaingia mfukoni mwa mtu mmoja, na kuna familia ambazo hakuishia kuwaomba mchango. Amewauzia habari za watoto wao waliopotea.

Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu uongo huu umejengwa juu ya jambo la kweli, na ndiyo maana umewapata hata watu wazima wenye busara zao.

Shambulio la Palma lilitokea. Lilianza tarehe 24 Machi 2021. Palma ni mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado, si mbali na mto Ruvuma, na jirani yake ni Afungi, ambako kampuni ya Kifaransa ya Total ilikuwa ikijenga mradi mkubwa wa gesi. Wapiganaji waliingia na bunduki, wakaua, wakachoma moto benki na majengo ya serikali. Watu walikimbilia msituni na ufukweni, wengine wakazingirwa ndani ya hoteli ya Amarula. Siku chache baadaye meli ikafikisha zaidi ya watu elfu moja Pemba.

Sasa sikilizeni vizuri hapo. Pemba hiyo ni mji mkuu wa Cabo Delgado, mji wa bandari ambao Wareno waliuita Porto Amélia mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Kutoka huko mpaka kisiwani kwetu ni zaidi ya kilomita 800. Tapeli huyu anachukua habari za kweli za vyombo vikubwa, zinazosema wakimbizi wamefika Pemba, anakata tarehe, anakata jina la nchi, kisha anazibandika juu ya ombi lake la pesa. Mtu wa Konde au Chambani akisoma, moyo unamruka. Akienda kutafuta mwenyewe kwenye simu, akiandika "Pemba" na "magaidi", anazikuta habari hizo hizo kwenye tovuti zinazoheshimika, basi anaona ujumbe umethibitika. Ukitafuta, ongeza "Cabo Delgado" au "Msumbiji", halafu tazama tarehe ya habari kabla hujasoma hata mstari mmoja. Ujumbe huu hurudi kila mapigano yanapopamba moto kule, na kila Ramadhani inapokaribia.

Na kuna jengine la kuchanganya. Wapiganaji wa Cabo Delgado wenyeji huwaita Al-Shabaab, lakini hawa si wale wa Somalia. Mashambulizi yao yalianza Oktoba 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia. Kwa hiyo ukitafuta kwa jina hilo peke yake, unaletewa picha za Mogadishu, na tapeli naye anazitumia. Ile picha ya magari yaliyoungua na jengo refu lililobomoka, ambayo wengi mmeisambaza kama Palma, ni ya makutano ya Zoobe, Mogadishu, lori lilipolipuka tarehe 14 Oktoba 2017. Palma hakukulipuka lori, wala hakuna maghorofa ya namna ile. Kama simu yako ina Google Lens, ishikilie picha uitafute, utaona ilianzia wapi. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, jua umepita mikono mingi kabla ya kukufikia, na aliyekutumia huenda hajui chochote zaidi yako. Sauti ya mwanamke anayelia haina tarehe wala mahali. Inaweza kuwa msiba wowote, wa nchi yoyote.

Lililonitia uchungu hasa ni hili linalofuata.

Ujumbe ukishapita kwenye kundi, watu huandika. Mmoja anasema, "Mwanangu alikwenda dago (kambi ya wavuvi) Mtwara akavuka Ruvuma, hatujamsikia tena." Mwengine anataja jina, anataja chombo, anataja mwaka. Tapeli yumo humo kundini, kimya, anasoma. Baada ya siku mbili tatu anampigia mama mtu. Anamtajia mwanawe kwa jina lake na la babake, anamtajia mpaka chombo alichoondokea. Mama gani asiamini? Kumbe yote ameyatoa kwenye maneno ya mpwa wa mama huyo aliyeandika kundini kwa nia njema.

Mama mmoja wa shehia ya jirani alipigiwa hivyo. Kwanza aliambiwa jina la mwanawe limo kwenye orodha ya waliookolewa, alipe kidogo orodha ifunguliwe. Akalipa. Kisha akaambiwa kijana yuko kambini, mgonjwa, pesa ya daktari. Akauza mbuzi, akalipa. Kisha sauti ikabadilika, akaambiwa mtoto amefariki na mwili utasafirishwa, inatakiwa nauli. Hapo ndipo ndugu zake walipojua na wakatuletea simu. Orodha aliyouziwa nimeiona kwa macho yangu: kurasa za Kireno, majina kwa mamia, namba na alama pembeni. Tukamwonyesha kijana aliyewahi kuishi Nampula. Akakisoma kichwa chake akanyamaza kwanza, kisha akatwambia ni matokeo ya mtihani wa skuli. Wanafunzi wa mtihani ndio aliowauza kama waliookolewa.

Ndugu zangu, orodha kamili ya waliouawa au waliookolewa Palma haiuzwi kwa sababu haikuwahi kuwepo mikononi mwa mtu wa namna hiyo. Mawasiliano ya simu yalikatika shambulio lilipoanza. Serikali ya Msumbiji ilithibitisha siku ya pili kuwa mji umevamiwa, na siku zilizofuata ikataja makumi ya waliokufa. Baadaye uchunguzi wa kiuandishi uliofanywa nyumba kwa nyumba ulipata zaidi ya elfu moja. Tofauti kubwa kiasi hicho, na wote hao ni watu waliofanya kazi ya kuhesabu. Basi mtu anayekuletea jina la mwanao kwa shilingi elfu hamsini amelipata wapi?

Hesabu za misiba ya namna hii hubadilika, tena kwa muda mrefu. Ya Mogadishu ilipanda kwa miezi mpaka kamati ya uchunguzi ikafikia watu 587. Marekani, nchi yenye kila chombo, wiki za mwanzo baada ya Septemba 11, 2001 walidhaniwa kufa zaidi ya watu 6,000, na hesabu ikaja kutulia 2,977. Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ilisemwa washambuliaji ni kumi au kumi na tano, uchunguzi ukaonyesha wanne. Nayasema haya ili ujue kwamba mwenye kusema "mpaka sasa inasemekana" mara nyingi ni mkweli kuliko anayekupa namba isiyotetereka usiku ule ule.

Anayetaka kujua ya Cabo Delgado bila kudanganywa, mimi naanza na taarifa za mashirika ya Umoja wa Mataifa. Shirika la Uhamiaji, IOM, ndilo lililokuwa likihesabu waliohama Palma na wamefikia mji gani, na shirika la wakimbizi, UNHCR, lilieleza kuhusu waliovuka Ruvuma wakitafuta hifadhi upande wa Mtwara kisha wakarudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano. Hapo utaona mwenyewe njia waliyopita watu wale ni mto na nchi kavu, na bahari ya kwao. Bandari ya Mkoani haimo. Kwa mwenendo wa vita vyenyewe, mradi wa Cabo Ligado, ulioanza 2020 kwa ushirikiano wa ACLED, shirika linalokusanya takwimu za mapigano duniani, na waandishi wanaoijua Msumbiji, umekuwa ukitaja tarehe, kijiji, na habari ilikotoka. Kwa Kiswahili kuna BBC na DW, lakini nendeni kwenye kurasa zao wenyewe. Msipokee kipande kilichokatwa na mtu na kuwekewa nembo. Nembo hubandikwa na yeyote mwenye simu.

Kuhusu kumtafuta mtu aliyepotea: Msalaba Mwekundu wana huduma ya kuwatafuta na kuwaunganisha ndugu waliotenganishwa na vita. Ni bure. Hakuna ada ya fomu wala ya kufungua orodha. Unapeleka jina kamili, jina la mama, mahali alipoonekana mwisho na lini, picha kama ipo. Ubalozi wetu upo Maputo nao una wajibu kwa raia. Ni njia za taratibu, nakiri zinachosha, na ndiyo sababu watu wanamkimbilia anayepokea simu usiku na kusema "nimemwona". Lakini mwenye kumtafuta mwanao kwa kweli hatokudai pesa kwanza.

Na wale wenye kutaka kusaidia waliohama, kheri hiyo isizimike. Toeni kupitia shirika lenye ofisi na risiti, lisilotumia namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Ukiambiwa "hii ni siri, serikali haitaki ijulikane", simama hapo hapo.

Jambo moja zaidi, na naliona ni zito. Kusambaza kwamba kuna watu waliofichwa Pemba kutoka kwenye vita vya magaidi kunatuumiza sote. Tangu balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na waliohukumiwa New York wakawamo wazaliwa wa Zanzibar, vijana wetu wamekuwa wakiangaliwa kwa jicho jengine kila ugaidi unapotajwa. Leo wewe unabonyeza kusambaza kwa huruma, kesho mtoto wa mtu anahojiwa kwa uvumi. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika huku kwetu kama inavyotumika Bara, na kutangaza habari unazojua kuwa ni za uongo kwa nia ya kuwapotosha watu ni kosa ndani yake.

Namba ya huyu mtu siiweki hapa. Anabadilisha laini kila mara, na laini anayoitupa inaweza kuja kumilikiwa na mtu asiye na hatia. Ukipata ujumbe wake, tuma namba aliyotumia kwenda 15040, hiyo ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ajili ya kuripoti matapeli. Ukishatuma pesa, piga simu kwa kampuni ya mtandao wako saa hiyo hiyo waizuie kabla hajaitoa kwa wakala, kisha nenda polisi ukiwa na ujumbe wa muamala. Msifute chochote: si sauti, si ile orodha, si jina lililotokea ulipokuwa unatuma. Yule mama alikuwa ameshafuta nusu kwa aibu, na sasa kazi imekuwa ngumu.

Wenye kusimamia makundi, nawaomba mfute zile habari ambazo watu waliandika majina ya watoto wao na vyombo walivyoondokea. Wengine wameniuliza kama kuna la kufanya juu ya kijana wa mama huyu. Taarifa zake zimeshapelekwa Msalaba Mwekundu. Aliyekuwa dago Mtwara wakati ule na anadhani alimwona, asiandike hapa. Akamwambie sheha wa shehia yake, naye ataifikisha.